Kiuno Changu na Dakika 15 za Asubuhi

Mimi ni fundi cherehani. Kwa siku nakaa kitako saa nane au tisa, shingo imeinamia kitambaa, na kwa miaka mingi nilihesabu maumivu ya kiuno kuwa sehemu ya kazi, sawa na kuchomwa sindano. Mpaka siku mkasi uliponiponyoka. Niliinama kuuokota, kuinuka nikashindwa. Nikabaki nimeshika ukingo wa meza, jasho linanitoka, mteja ananitazama hajui acheke au anipe pole.

Daktari aliniuliza kama miguu inakufa ganzi na kama nashindwa kuzuia mkojo. Nilipojibu hapana, akasema sihitaji upasuaji, nahitaji kuuchezesha mwili. Akataja yoga. Nilicheka kimoyomoyo, maana nilichokijua ni picha za watu wembamba waliojikunja kama kamba. Kumbe hakuwa anabahatisha: mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaoitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa mwenye maumivu sugu ya kiuno.

Wiki ya kwanza niliharibu. Nilisimama wima, nikainama kwa nguvu nikitaka kugusa vidole vya miguu, nikijivuta kama anayenyoosha kitambaa kilichosinyaa. Kesho yake kiuno kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Mwalimu wa yoga aliniambia maneno mawili tu: kunja magoti.

Misuli ya nyuma ya mapaja imeshikizwa kwenye mifupa ile tunayoikalia. Ikikaza kwa kukaa sana, nyonga hazizunguki unapoinama, hivyo mkunjo wote unaangukia kiunoni. Fundi mwenzangu atanielewa: suruali ikikatwa fupi makalioni, ukiinama panapofumuka ni pale uzi ulipo dhaifu, ingawa kosa liko kwenye mkato. Mimi nilikuwa nahangaika na mshono.

Basi nikaanza upya, dakika 15 kila asubuhi kabla ya chai. Napiga magoti na kuweka viganja sakafuni, naubinua mgongo juu kama paka aliyeamka usingizini, kisha nauachia ushuke taratibu, mara kumi. Halafu nanyanyua makalio juu, mikono na miguu chini, magoti yamekunjwa kidogo. Kisha nalala chali, nyayo sakafuni, nainua nyonga na kuzishikilia kwa pumzi tano. Mkao huo wa mwisho ndio ulionionyesha jinsi makalio yangu yalivyokuwa yamelala kwa miaka. Yalitetemeka kama cherehani yenye mkanda uliolegea.

Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu, isipokuwa usingizi mzuri. Mwezi wa pili nikajikuta navaa soksi nimesimama. Sikukumbuka hata lini nilianza. Kusimama kwa mguu mmoja kulinishinda kabla ya kuhesabu kumi. Sasa nafika dakika nzima, japo mguu wa kushoto bado mkaidi. Na pumzi nayo imenisaidia: unapoitoa polepole moyo hupunguza mwendo, nami siku hizi naitumia hata mteja anapofoka.

Kilo hazikupungua hata moja, afadhali niseme. Mazoezi yangu yale ya asubuhi ni ya polepole, hayatoshi kuuchosha moyo, kwa hiyo natembea haraka jioni ili nifikie zile dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Na anayekuambia kujipinda kunatoa sumu mwilini, mwache. Kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo. Kusimama kwa kichwa sijajaribu na sina mpango. Mwenye presha ya macho au shinikizo la damu lisilodhibitiwa ndiyo kabisa asithubutu.

Mwezi uliopita oda zilinilemea, nikaacha siku tisa. Siku ya kumi, nikiwa natia uzi kwenye sindano, kiuno kikaanza kunong'ona. Nililiacha gauni la watu limebanwa kwenye mashine, nikatandika mkeka pale pale katikati ya vipande vya vitambaa.