Mkalimani wa Lugha ya Alama Ni wa Daktari Pia

Ninafanya ukalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanyia hospitalini: kliniki ya wajawazito, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa, na mara nyingine wodini usiku. Wauguzi wengi wakiniona nimeingia na mgonjwa husema, kwa nia njema kabisa, kwamba ni vizuri huyu kiziwi amepata mtu wa kumsaidia. Nawashukuru kwa moyo huo, lakini sikubaliani na namna wanavyolitazama jambo lenyewe. Daktari asiyejua lugha ya alama, akiketi mbele ya mgonjwa anayeitumia, naye amekwama, kwa sababu historia ya ugonjwa, ambayo ndiyo msingi wa uchunguzi wote utakaofuata, imo mikononi na usoni mwa mtu ambaye yeye hamwelewi. Mkalimani anawahudumia wote wawili kwa kiasi kilekile, na kwa hiyo nafasi yake inapaswa kupangwa na kulipiwa na hospitali kama inavyopangwa nafasi ya mtaalamu wa maabara.

Ningependa kuyaonyesha haya kwa yale niliyoyaona vyumbani, ila siwezi. Ninachokisikia na kukiona kati ya daktari na mgonjwa hakitoki nje, hata kwa kubadilisha majina, kwa kuwa jamii ya viziwi ni ndogo na watu hutambuana kwa dalili chache tu. Kwa hiyo nitatumia shauri ambalo wahusika wenyewe walilipeleka mahakamani, mbali na kwetu, nchini Kanada, na ambalo kila mkalimani wa hospitali anapaswa kulifahamu.

Katika jimbo la British Columbia serikali ilikuwa inalipia huduma za hospitali na za madaktari, lakini ukalimani wa lugha ya alama haukuwemo. Taasisi moja isiyo ya serikali ndiyo iliyokuwa ikiutoa bila malipo, mpaka mwaka 1990 ilipoishiwa fedha. Iliiomba serikali ya jimbo igharimie huduma hiyo, ikakataliwa. Robin Eldridge, mwanamke kiziwi mwenye kisukari pamoja na maradhi mengine, na John na Linda Warren, mume na mke ambao wote wawili ni viziwi, wakafungua shauri. Linda Warren alikuwa amejifungua mapacha kabla ya wakati wao, bila mkalimani. Katikati ya uchungu, muuguzi alimwashiria kwa mikono kwamba mapigo ya moyo ya mtoto mmoja yameshuka. Watoto walipozaliwa walichukuliwa papo hapo, na mama akabaki na kikaratasi kilichomwambia kwamba wako salama, pasipo maelezo mengine yoyote kuhusu hali yao. Nimesimama kwenye leba mara nyingi, na kila ninapomfikiria mama huyo najiuliza ni nani kati ya wale waliokuwa chumbani, pamoja na daktari, aliyejua kama anaelewa anachotakiwa kufanya mwili wake ulipohitajika kukifanya.

Walishindwa katika mahakama mbili za jimbo. Tarehe 9 Oktoba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Gérard La Forest na kukubaliwa na majaji wote waliolisikiliza shauri hilo, iliwapa haki. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ukalimani ni huduma ya pembeni, nje ya tiba yenyewe, na kwamba viziwi wanapata tiba ileile wanayopata wengine. Mahakama ilikataa kuugawa mkutano wa daktari na mgonjwa namna hiyo: mawasiliano yanayoeleweka ni sehemu isiyotengeka ya utoaji wa huduma ya afya, na asiyeyapata hajapewa huduma sawa na mwenzake. Ilibainika pia kwamba ukalimani kwa jimbo zima ulikadiriwa kugharimu dola 150,000, takriban asilimia 0.0025 ya bajeti ya afya ya jimbo hilo kwa wakati ule. Ninalitaja kadirio hilo kila ninapoambiwa kwamba jambo hili ni zuri lakini ni ghali, ijapokuwa najua vyema kwamba hazina ya Kanada na ya kwetu hazilingani. Ninachotaka kionekane ni uwiano: kundi la wagonjwa wanaohitaji huduma hii ni dogo, na gharama yake ni ndogo vilevile ikiwekwa kando ya mengine yanayolipiwa.

Hapa kwetu pengo hilo huzibwa na ndugu. Kiziwi huja na dada yake, na mumewe, na mama mkwe, au na mtoto wake mwenye umri wa kusoma darasa la nne ambaye amekua akizungumza na wazazi wake kwa alama na ambaye watu wazima humsifu kwa wepesi wake. Sitaki kuwadharau ndugu hao, maana bila wao wengi wasingefika hospitalini kabisa. Hata hivyo, ndugu hufupisha. Daktari hueleza kwa dakika kumi kuhusu shinikizo la damu, chumvi, dawa ambazo hazipaswi kukatishwa hata mgonjwa akijisikia nafuu, na ndugu humgeukia mgonjwa na kumwambia kwamba daktari amesema apumzike na anywe dawa. Pia ndugu huficha, kwa huruma au kwa aibu. Binti hawezi kumuuliza baba yake kuhusu usaha unaotoka sehemu za siri, na mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kujua kwamba mama yake ana saratani, wala kubeba kazi ya kumpa habari hiyo. Mwanamke anayetaka uzazi wa mpango hatasema mbele ya mama mkwe, na anayepimwa VVU hatauliza maswali yake mbele ya mume. Zito kuliko yote ni mwanamke aliyepigwa, ambaye aliyemleta hospitalini na anayemsemea ni yuleyule aliyempiga. Katika hali hiyo daktari ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa alianguka, na ataandika akiamini kwamba ameelezwa na mgonjwa mwenyewe.

Wengine hudhani karatasi na kalamu vinatosha. Kwa kiziwi aliyepoteza usikivu akiwa mkubwa, au aliyesoma hadi mbali, huenda vikatosha kwa mambo mepesi. Lakini kwa kiziwi wa kuzaliwa, Kiswahili ni lugha ya pili aliyoijifunza kwa macho tu, mara nyingi katika darasa ambalo mwalimu wake hakuimudu lugha ya alama, na sarufi yake inayobeba ukanushaji kwenye silabi moja ndani ya kitenzi ni mtego wa hatari. Muuguzi akiandika “usinywe kabla ya kula”, na mgonjwa akashika maneno “kunywa” na “kula” tu, dawa itaingia tumboni wakati usiofaa. Kuhusu kusoma midomo nitasema kwa ufupi: sauti nyingi hufanana midomoni, na barakoa zilipoenea mwaka 2020 hata kile kidogo kilichokuwa kikionekana kilifunikwa.

Lugha ya alama yenyewe ina utajiri ambao daktari angefurahi kuupata. Mgonjwa anayesikia husema “tumbo linauma”, na daktari huanza kuuliza ni wapi, linachoma au linakata, linakuja na kuondoka au limetulia hapohapo. Kiziwi huonyesha maumivu mahali penyewe, na mwendo wa mkono pamoja na uso hueleza kwa wakati mmoja kwamba yanasokota, kwamba yanaanzia kitovuni na kushukia upande wa kulia, na kwamba yanazidi. Kazi yangu ni kuyatoa yote hayo kwa sauti bila kupunguza. Uso huohuo, usipoeleweka, huwaponza viziwi katika kliniki za afya ya akili, kwa sababu msogeo wa nyusi na ukubwa wa ishara, ambavyo ni sarufi, huonekana kwa asiyejua kama fadhaa au hasira.

Kuna mambo ya chumbani ambayo hayaandikwi kwenye mabango lakini ndiyo yanayofanya kazi ifanikiwe. Mimi husimama kando ya daktari, nyuma yake kidogo, ili mgonjwa atuone sote bila kuzungusha shingo. Humwomba daktari amtazame mgonjwa na kumwambia “Mama, unaumwa wapi?” badala ya kunigeukia mimi na kusema “Mwulize anaumwa wapi”, mgonjwa akijibu, nasema “ninaumwa hapa”, kwa nafsi yake, kwa kuwa maneno ni yake. Kama ni lazima mgonjwa awekewe kanula, naomba isiwekwe kwenye mkono anaoutumia zaidi, na asifungwe mikono bila sababu ya kitabibu, kwa sababu mgonjwa mwenye dripu mkono wa kulia amenyang'anywa nusu ya usemi wake. Wakati wa kupiga picha ya kifua sipaswi kubaki ndani, kwa hiyo tunakubaliana mapema ishara ya kuvuta pumzi na kuizuia. Kwa daktari wa macho taa huzimwa na dawa huukungisha uono, hivyo maelezo yote hutolewa kabla ya taa kuzimwa. Anayefanyiwa upasuaji kwa nusu kaputi anahitaji mkalimani mpaka anapolala, na anamhitaji tena anapozinduka, wakati ambapo hajui yuko wapi na wanaomzunguka wamefunika nyuso. Na pale daktari anapotumia neno ambalo halina alama inayojulikana na wengi, kama usafishaji wa damu kwa mgonjwa wa figo, sibuni alama papo hapo. Namwomba daktari aeleze kinachofanyika hatua kwa hatua, au achore.

Yapo mazingira ambayo hata mkalimani mzuri hatoshi peke yake. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na mpaka leo wapo wazee, na vijana pia, hasa vijijini, ambao hawakupata shule wala kuishi na viziwi wenzao, na ambao hutumia ishara walizozibuni nyumbani. Hata waliosoma hutofautiana, kwa kuwa shule mbalimbali zilikuza alama zao. Hapo anahitajika mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi, aliyezoea tangu utotoni kuelewana na watu wa namna hiyo. Mimi humpa maelezo ya daktari kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, naye huyafikisha kwa mgonjwa kwa ishara, kwa kuigiza, na kwa kuonyesha vitu vilivyomo chumbani. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huona kwamba tunachelewa. Naelewa haraka yake, lakini nimeshaona haraka hiyo ikimrudisha mgonjwa yuleyule baada ya muda mfupi akiwa katika hali mbaya zaidi. Wakenya walitangulia katika hili pale shirika la Liverpool VCT, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilipoanzisha huduma za ushauri nasaha na upimaji wa VVU zilizotolewa na washauri viziwi wenyewe, na naliona jambo hilo kuwa bora kuliko ukalimani wowote, kwa sababu mgonjwa na mhudumu wanazungumza lugha moja na mtu wa tatu hahitajiki.

Sheria hazikukosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma katika ibara ya 9, na katika ibara ya 25 unadai huduma za afya zenye ubora sawa, zinazotolewa kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa. Mwaka 2010 tulitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mwaka huohuo majirani zetu wa Kenya waliweka haki ya kutumia lugha ya ishara, kama wanavyoiita wao, katika ibara ya 54 ya Katiba. Ridhaa ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Fomu ya upasuaji yenye dole gumba la mgonjwa ambaye hakuambiwa atakatwa nini haimlindi mgonjwa, na sioni namna inavyoweza kumlinda daktari aliyeishuhudia.

Siku hizi watu hupendekeza ukalimani kwa simu ya video. Naukubali kwa mapokezi, kwa dirisha la dawa, na kwa usiku ambapo hakuna mkalimani aliye karibu. Siukubali kwa leba, ambapo mama hageuki kutazama kioo kidogo anapopewa maelekezo ya kusukuma, wala kwa habari nzito ambayo mtandao unaweza kuikata katikati.

Yanayowezekana leo hayahitaji kusubiri sheria mpya. Kila halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya kila mwaka, na humo ndani kunaweza kuwekwa kifungu cha malipo na nauli ya wakalimani wanaoitwa kwa saa, pamoja na mafunzo ya siku chache kwa watu wa mapokezi, ambao ndio huita majina kwa sauti na kumpita kiziwi aliyeketi mbele yao. Huduma za wajawazito katika vituo vya umma kwa mujibu wa sera hazilipiwi, na ningeanzia hapo, ili mjamzito kiziwi asilazimike kumlipa mkalimani kutoka mfukoni mwake kwa huduma ambayo mwenzake anaipata bure. Faili lake liwekewe alama tangu hudhurio la kwanza, ili mkalimani apangwe pamoja na tarehe ya kurudi na namba yake ibaki leba kabla uchungu haujaanza. Mganga mkuu wa wilaya asiyejua wakalimani wa kuaminika atawapata wapi anaweza kuanza kwa kuuliza Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kwa kuwa viziwi wenyewe ndio wanaojua ni nani anayewaelewa na ni nani anayetunza siri.