Shimo kwenye ugoko

Jirani anapika papa mkavu. Harufu imejaa mpaka chumbani kwangu na mate yananitoka, ila kabla ya njaa nimemkumbuka Mama Mkubwa na miguu yake.

Ilikuwa Februari, lile joto la Dar la kulala sakafuni. Asubuhi miguu ilikuwa nafuu, jioni kandambili haziingii. Mtaa mzima wa Mbagala ulikuwa na jibu. Mwenye nyumba alisema kakanyaga kitu alichotegewa. Shoga yake muuza vitumbua alisema achemshe ndevu za mahindi anywe. Bamdogo, ambaye hajui dawa ila anajuana na wauza dawa, akaleta vidonge vya kukojoza. Mimi nikamwita bajaji.

Dokta alikuwa kijana, rika la wajukuu wake. Akamwamkia, akapiga goti sakafuni, akaweka dole gumba juu ya ugoko na kubonyeza. Hakuwa na haraka. Midomo ilimcheza kama anayehesabu. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Tukaliangalia sote watatu, ngozi ikimeremeta pembeni yake, feni ikipiga kelele bila upepo, na shimo halijai. Akahamia mguu wa pili. Nao vilevile. Nikamwona kama karidhika, nikashangaa. Kumbe mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, wao huwaza damu iliyoganda, na hapo hakuna kusubiri kesho.

"Basi nimeshakuwa andazi," akasema Mama Mkubwa.

Maswali yakafuata. Analala na mito mingapi? Huamka usiku akihema? Mkojo una povu? Moyo, figo, ini, alikuwa akivikagua kwa mdomo kabla ya vipimo, na vipimo navyo havikurudi na la kutisha. Ndipo akauliza dawa za nyumbani, fundo la kanga likafunguliwa: amlodipini ya presha, na diklofenaki ya magoti, aliyojinunulia na kuimeza kila siku.

Ya kwanza, akaeleza, hutanua mishipa midogo mpaka maji yanavujia kwenye nyama za miguu, na maji ya namna hiyo vidonge vya Bamdogo haviyatoi sawasawa. Ya pili huzifanya figo zing'ang'anie chumvi na maji, tena hupandisha presha ileile anayoitibu. Akaja kwenye chakula. Papa. Ng'onda. Magadi kwenye maharage, ambayo nayo yamejaa sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyojificha, isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

"Sasa nile nini, mwanangu?"

Dawa ya presha ikabadilishwa, diklofenaki ikapigwa marufuku, jioni miguu juu ya stuli. Uvimbe ukapungua. Papa hakumwacha, alimloweka usiku kucha, akamwaga maji, akamloweka tena, huku akilaani.

Nilikuja kujua baadaye kwamba muda wote huo alikuwa anakunywa na ndevu za mahindi. Anavyosimulia yeye, ndizo zilizomponya. Dokta kwenye hadithi hayumo kabisa. Sijambishia, maana miguu ni yake.

Ila juzi kanipigia nimpitishie ndevu hizo kutoka sokoni, za shoga yake wa vitumbua, kavimba mguu. Nikauliza, mmoja au yote? Mmoja. Nimemwambia sinunui kitu mpaka nisikie shoga kapanda bajaji kwenda hospitali. Ameguna, akakata simu.