Bawa Lililokatika na Neno la Mjomba

Jana, Nungwi, nilimsomea mjomba wangu, fundi wa majahazi, habari za Blanik L-13, ndege ya bati isiyo na injini iliyoundwa Chekoslovakia, naye akasema papo hapo kuwa bati haliaminiki kama mbao. Kwa heshima zote nilimwomba tutenganishe mambo: kwamba mwaka 2010 bawa la ndege moja ya aina hiyo lilikatika angani nchini Austria, kwa kuchoka kwa metali ya mhimili wake, yaani boriti ya ndani inayobeba bawa ilidhoofika kwa kutumika mara nyingi, ni jambo lililochunguzwa; lakini kwamba bati ni baya, hayo ni maoni, hata yakitoka kwa fundi ninayemwamini. Akapapasa mkuku wa jahazi lake, kisha akauliza swali lililonifurahisha mno: "Mhimili ule ulitumika angani kwa saa ngapi?"