Nilivyorudisha almasi kwenye seva yetu ya Minecraft pale Tanga

Minecraft ni mchezo wa kompyuta wa kuchimba na kujenga kwa bloku, na seva yetu, yaani ulimwengu mmoja tunaouchezea pamoja kupitia mtandao, inakaa Ngamiani, kwenye kompyuta ya mezani iliyo nyuma ya duka la stesheneri la kaka yangu. Wachezaji wengi ni vijana wa hapa hapa mjini, Makorora, Chumbageni, Mabawa, na wachache wa Muheza na Pangani wanaoingia siku wakiwa na bando. Mwaka wa pili ulipofika, ardhi yote iliyo karibu na kituo tunachoanzia ilikuwa imekwisha, na hapo sitii chumvi. Ukishuka hadi kimo cha -59, ambako tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 almasi hupatikana kwa wingi, ulikuta vichochoro vimenyooka kushoto na kulia, kila kimoja kimeachana na mwenzake bloku mbili tu, mienge imepigwa ukutani, na hakuna hata kipande cha makaa kilichosahauliwa.

Dogo mmoja mgeni alizunguka jioni nzima, akarudi kituoni na sururu ya mawe ileile aliyoondoka nayo. Akaandika kwenye chati: "Kaka, hii mapu mshaila nyie, sisi mmetubakizia maganda." Akatoka, na hakurudi.

Mwenzetu mmoja mvuvi alishauri tufunge eneo la kati kwa miezi kadhaa, kama wanavyofunga mwamba wa pweza ili wakue. Nikamwambia, bro, pweza anazaa, almasi haizai. Minecraft huiumba ardhi kutokana na namba moja inayoitwa mbegu, kipande kwa kipande, na kila kipande, yaani chanki, ni bloku 16 kwa 16 kutoka chini kabisa hadi juu. Mtu akifika mahali kwa mara ya kwanza, chanki inaumbwa na kuhifadhiwa kwenye faili. Kuanzia hapo mchezo unasoma faili tu. Shimo ulilochimba leo utalikuta shimo mwakani.

Kumbe basi dawa ni kufuta faili, si ndiyo? Kila faili la .mca linabeba chanki 32 kwa 32, sawa na bloku 512 kwa 512. Ukilifuta na mtu akapita tena, mchezo unaliumba eneo lile upya. Kwa ulimwengu tunaoishi nililikataa wazo hilo, tena kwa sababu mbili. Kwanza, chanki haikatwi katikati. Ukirudisha almasi za chini umefuta na nyumba iliyo juu yake, na watu wetu wamejenga juu ya migodi yao. Kuna programu ya MCA Selector inayoweza kuchagua chanki kwa kuangalia muda ambao wachezaji wamekaa ndani yake, lakini mchimbaji naye hukaa mgodini saa nyingi, wakati nyumba ya mtu aliyesafiri inaonekana kama pori. Pili, mbegu ikibaki ileile na toleo likabaki lilelile, almasi zinarudi palepale zilipokuwa. Wale wa siku nyingi wana madaftari ya namba za mahali. Wangezichota usiku mmoja, mgeni akaamka akute maganda yaleyale.

Kuna plagini pia, yaani programu ndogo za kuongezea seva, zinazorudisha jiwe la madini dakika chache baada ya kuchimbwa. Niliijaribu moja pembeni. Mtu anasimama mbele ya ukuta, anabana kitufe cha panya kwa kipande cha gundi ya karatasi, anakwenda kula. Hiyo siyo kuchimba.

Nilichofanya ni kutenga mahali pa kuishi na mahali pa kuchimba. Kwa plagini ya Multiverse nikaunda ulimwengu wa pili, nikauita Wajaleo, kutoka ule msemo wa "Tanga, waja leo waondoka leo", na kila mtu wa Tanga aliuelewa mzaha bila kuelezwa. Unaingia kwa lango lililo kituoni, unachimba upendavyo, unatoka na mzigo wako. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya Isha, naandika amri ya mv regen pamoja na mbegu mpya, Multiverse inaniomba nithibitishe, na ulimwengu mzima unazaliwa tena wenye sura nyingine. Madaftari ya watu yanakuwa karatasi za kufungia karanga.

Kuumba chanki kunaichosha kompyuta kuliko kitu kingine chochote, na yetu si kijana. Siku ya kwanza watu walipotawanyika huko pande zote, seva iligugumia hadi nguruwe wakawa wanatembea kinyumenyume. Sasa nimeweka mpaka wa bloku 4,000 kwa 4,000, halafu plagini ya Chunky inaziumba chanki zote 62,500 usiku watu wamelala, kabla sijafungua lango. Asubuhi hakuna tena cha kuumba, ni kusoma faili tu.

Jambo jingine ambalo ni rahisi kulisahau: aliyetoka mchezoni akiwa ndani ya Wajaleo atarudi pale pale kwa namba zake, ila ulimwengu si ule. Palipokuwa pango sasa ni mwamba, naye anakosa hewa ndani ya jiwe. Kwa hiyo kila anayeingia seva anaanzia kituoni. Na makasha yaliyoachwa kule yanapotea, hilo nimeliandika kwa herufi kubwa langoni. Lililo salama ni kasha la ender, kwa kuwa vitu vyake vinahifadhiwa kwenye faili la mchezaji mwenyewe, si la ulimwengu.

Upinzani haukutoka kwa wageni. Ulitoka kwa binamu yangu, aliyekuwa na makasha yamejaa almasi na duka kituoni. "Mwanangu, unatuharibia soko." Nami sikubishana naye, ni kweli nililiharibu. Sururu ya almasi aliyokuwa akiiuza kwa bei ya juu, mgeni sasa anajitengenezea jioni ya kwanza. Alinuna wiki nzima, hata salamu akawa anaitikia nusu.

Ukiangalia vizuri, vitu vinavyohitaji kurudishwa ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Chuma unakipata kwa majitu ya chuma ya kijijini, kila moja likifa huangusha vipande vitatu hadi vitano. Mawe ya kawaida hayaishi, weka maji na lava zikutane. Lava yenyewe, tangu toleo la 1.17, inadondoka kwenye sufuria kutoka kwenye jiwe lenye ncha. Miti unapanda. Zinazobaki ni almasi, vifusi vya kale (madini adimu ya Nether, ulimwengu wa moto wa mchezo huu), na kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: mchanga. Kuna kundi linalojenga mfano wa bandari yetu, na kila bloku 8 za unga wa zege zinakula mchanga 4 na changarawe 4. Jangwa lililokuwa upande wa magharibi walishalikwangua hadi jiwe la chini. Mchuuzi anayezunguka huuza mchanga kidogo, lakini bandari huijengi kwa mchanga wa kupimiwa kwa kijiko.

Kwenye End, ulimwengu mwingine wa mchezo wenye visiwa vinavyoelea, nilitumia njia ya kufuta faili, maana hakuna anayeishi kule. Visiwa vya nje huanza kama bloku 1,000 kutoka katikati, kwa hiyo nabakiza faili nne za kati, r.0.0, r.-1.0, r.0.-1 na r.-1.-1, nafuta zilizobaki. Faili zilizo kwenye folda za entities (viumbe) na poi (alama za mahali maalumu) nazo zifutwe kwa majina yaleyale, la sivyo viumbe vya zamani vinabaki pamoja na vipya. Mabawa ya elytra, yale ya kurukia, yanarudi kwenye merikebu zilezile zinazoelea huko End, na hapo nimewaachia wenye madaftari wakimbizane.

Binamu amefunga duka la almasi, sasa anauza vioo na zege. Yeye ndiye anayepiga kelele kuliko wote kila mwisho wa mwezi unapokaribia, akitaka niikague kwanza mbegu kwenye ramani ya Chunkbase, nihakikishe kuna jangwa kubwa karibu na lango.