Land Rover 109: volti zinapotelea wapi?

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Nimelitoa Karatu, ambako kwa miaka mingi lilikuwa likipandisha vitunguu na abiria kutoka Mang'ola, na sasa liko kwangu Arusha. Injini inanguruma vizuri, gia zinaingia, chasisi haijaoza. Kinachosumbua ni umeme. Taa kubwa zinawaka kwa wekundu hata vioo vikiwa safi. Stata inavuta kivivu. Ukiliacha gari wiki moja bila kuliwasha, betri unaikuta imechoka. Na ukipiga indiketa ya kushoto, taa ndogo ya nyuma inakonyeza pamoja nayo.

Kila niliyemweleza alikuwa na dawa yake. Nunua betri mpya. Badilisha alteneta, ile inayochaji betri. Ng'oa nyaya zote, vuta upya. Mimi nimejiwekea sharti moja kwenye mradi huu: hakuna kifaa kitakachonunuliwa kabla multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, haijakihukumu. Gari la zaidi ya miaka arobaini lina viungo vingi vya waya, na kila kiungo kinaweza kula volti. Ukifunga kifaa kipya kwenye kiungo kibovu, ugonjwa unabaki palepale na pesa imeondoka.

Kuzisoma nyaya

Umeme wa gari hili ni wa kampuni ya Lucas, na rangi za nyaya zinafuata utaratibu wa Uingereza. Ukishaushika, unaweza kulisoma gari bila kushika mchoro. Waya wa kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri. Mweupe ni moto unaokuja ukifungua ufunguo. Wa kijani ni huohuo mweupe ukishapita kwenye fyuzi, na wa zambarau ni wa kahawia ukishapita kwenye fyuzi. Bluu ni taa kubwa: mstari mweupe ni taa za mbali, mstari mwekundu ni za chini. Mwekundu mtupu ni taa ndogo. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia. Mweusi ni ethi, yaani njia ya moto kurudi betri kupitia chuma cha gari, siku zote.

Nje rangi zimefifia zikawa zote za vumbi, lakini ukibandua tepu ya zamani sentimita chache unaikuta rangi kama ilivyotoka kiwandani. Tabu iko pale mafundi waliopita walipounga kwa waya wowote waliokuwa nao mkononi. Nyuma ya dashibodi nimekuta waya mmoja unaanza mweupe, unakuwa mweusi katikati, unamalizikia kijani. Kila kiungo cha namna hiyo nimekivalisha kipande cha tepu nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu kinatoka wapi na kinaenda wapi. Ni kazi ya kuchosha, ila sasa nikishika waya najua nimeshika nini.

Betri na stata

Betri niliichaji kwa chaja, nikaiacha usiku kucha bila kufungwa. Asubuhi ilisoma volti 12.6, na haidromita, inayopima uzito wa maji ya betri, ilitoa karibu kipimo kilekile kwenye seli zote sita, na hilo ndilo nililolitaka zaidi. Seli moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, betri imekufa hata kama volti zinaridhisha. Hii ni nzima. Aliyeniambia ninunue mpya angeniingiza hasara.

Stata nimeipima ikiwa kazini, kwa sababu waya uliobakiza nyuzi mbili tatu unapitisha volti zote pasipo na mzigo na kukuonyesha sura nzuri. Nilichomoa waya wa koili injini isiwake, kijana wa jirani akawa anapiga ufunguo, mimi nasoma. Kwenye nguzo za betri zilibaki volti 10.6. Kwenye stata yenyewe zilifika 9.1. Volti moja na nusu zinapotelea njiani!

Hapo ndipo ninapoipenda multimita. Unaweka ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya stata, halafu unapiga ufunguo. Njia ikiwa safi, kipimo kinakaribia sifuri, kwa sababu pande zote mbili ni moto uleule. Kinachosomeka ndicho kinachopotea. Upande wa chanya zilipotea volti 0.6, nyingi zikiwa kwenye solenoidi, ile swichi nzito ya stata, ambayo kwenye gari hili imekaa peke yake mbali na stata. Upande wa ethi, kutoka mwili wa injini hadi nguzo hasi, zilipotea 0.9. Mimi nikiona zaidi ya 0.2 upande wa ethi sikubali.

Ukanda wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na rangi yenyewe juu ya kutu. Nimeufungua, nikasugua chuma kwa brashi ya waya na msasa hadi kikang'aa, nikaweka ukanda mpya mnene wenye vishikizo vilivyobanwa na kulehemiwa, kisha grisi juu ili maji yasirudi. Solenoidi nayo nimeisafisha miguu na kukaza nati. Sasa stata inapata volti 10.3, na injini inazungushwa kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu nililete gari nyumbani.

Chaji

Alteneta iliyomo ni Lucas 16ACR ya ampea 34. Watangulizi wake wa Series II walikuwa na dainamo, jenereta ya zamani, ya ampea 22, ambayo injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta haikutoa kitu cha maana, kwa hiyo hii ni hatua kubwa. Ila alteneta ina diodi ndani, vijipande vinavyopitisha moto upande mmoja tu, na diodi hazina uvumilivu wa dainamo.

Nimeligusia hilo kwa sababu ya mzee mmoja, fundi umeme wa siku nyingi pale mtaa wa Unga Limited, aliyekuja kuniangalia kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara moja, akaniambia: "Liwashe, mwanangu, halafu chomoa kichwa cha betri. Likizima, alteneta imekufa."

Kipimo hicho kinatumika gereji nyingi, na kwenye dainamo kilikuwa na nafasi yake. Kwenye alteneta, betri ndiyo inayomeza mawimbi ya volti. Ukiichomoa injini ikiwa inazunguka, volti zinaruka juu ghafla na zinaweza kuua diodi na regyuleta, inayodhibiti volti, palepale. Nikamwambia, "Mzee, naomba tusiichomoe, nikuonyeshe kwa kupima." Akavuta ndoo akakaa. "Pima nione."

Injini ikiwa kwenye mwendo wa kati na taa kubwa zimewashwa, mgongoni mwa alteneta tulisoma 14.2. Kwenye nguzo za betri tulisoma 13.0. Mzee alisogea karibu na kioo cha multimita. Alteneta inatengeneza moto wa kutosha, betri inapata mabaki. Tukagawa hasara: 0.8 kwenye waya mnene wa kahawia unaokwenda kwenye solenoidi, 0.4 upande wa ethi. Regyuleta ya alteneta hii inajipima volti zake yenyewe, kwa hiyo haina habari kwamba betri iko na njaa.

Mzee hakuhitaji multimita kumpata mkosaji. Alipitisha kidole taratibu juu ya waya wa kahawia hadi kwenye plagi ya alteneta, akasimama. "Hapa pana joto, shika." Kweli palikuwa na joto. Plagi ilikuwa imebadilika rangi, na bati la ndani limelegea kiasi cha kucheza. Tumeweka bati jipya, tumeongeza waya wa pili mnene sambamba na ule wa kwanza, na ethi ya mwili wa alteneta imefungwa kwenye ukanda mpya wa injini. Sasa betri inapata 14.0.

Kwa wenye alteneta za aina hii: itazameni ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Haipo kwa ajili ya kukuonya tu. Moto mdogo unaopita kwenye balbu yake ya wati 2.2 ndio unaoiamsha alteneta unapowasha gari. Balbu ikiungua, alteneta inaweza kugoma kuchaji ingali nzima, na wengi wameshabadilishiwa alteneta nzima kwa sababu ya kabalbu hako. Ukiweka ya LED inayokula kidogo mno, unaweza kuletewa ugonjwa huohuo.

Moto unaovuja gari likiwa limezimwa

Land Rover hii haina redio, haina saa, haina kompyuta. Ufunguo ukitolewa na taa zikizimwa, betri haitakiwi kutoa chochote. Niliweka multimita kati ya nguzo hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10 (hapo usithubutu kupiga stata, utaunguza kifaa), ikasoma ampea 0.18. Zinaonekana kidogo, lakini kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 4, na betri yangu ni ya ampea-saa 60. Wiki moja inakula nusu ya betri. Hesabu ikakubaliana kabisa na nilivyokuwa nikiikuta.

Nilitoa fyuzi moja baada ya nyingine, kipimo hakikutikisika. Kwa hiyo mvujo uko kabla ya fyuzi, kwenye zile za kahawia. Nikachomoa plagi ya alteneta: sifuri. Diodi ilikuwa inapitisha moto kurudi nyuma. Alteneta ilikuwa inachaji vizuri mchana na kuila betri usiku, ndiyo maana kipimo cha chaji peke yake kisingeniambia kitu.

Nimeishusha. Nimebadilisha bamba la diodi, na kwa kuwa nilikuwa tayari ndani, nikaweka kaboni mpya na beringi zote mbili. Kesi, koili za ndani na regyuleta ni zilezile za zamani. Mvujo umekwisha.

Taa za nyuma

Hapa ndipo Land Rover inapojitofautisha na magari mengine. Mwili wake ni wa aluminiamu, chasisi ni chuma, na skrubu za taa ni chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, aluminiamu inalika na kuacha unga mweupe, na unga huo haupitishi moto. Taa ya nyuma ikitegemea skrubu na bodi kupata ethi, siku moja itaikosa.

Nilifungua taa ya kushoto. Nyuma yake palikuwa na vumbi la Mang'ola lililogeuka tope na kukauka, na skrubu tatu zimezungukwa na ule unga, kila moja imejichimbia shimo pana kuliko yenyewe. Waya mweusi ulikuwa umekatika kwenye kishikizo. Nilipoukata sentimita mbili nyuma kutafuta shaba safi, nikakuta kijani. Nikakata tena, kijani. Shaba ilikuwa imeliwa chini ya ganda karibu urefu wa kiganja, ilhali kwa nje waya ni mzima, laini, hauna hata ufa.

Taa isipokuwa na ethi, moto wa indiketa hausimami. Unatafuta njia nyingine ya kurudi, unaipata kupitia uzi wa balbu ya jirani, unatokea kwenye waya wa taa ndogo na kumalizia kwenye ethi ya taa nyingine zenye afya. Ndiyo maana taa ndogo ilikuwa inakonyeza. Nilivuta waya mweusi mpya kutoka kila taa ya nyuma hadi bolti moja kwenye chasisi, chuma kikiwa kimesuguliwa, washa ya meno chini ya kishikizo, grisi juu. Bodi sasa inashikilia taa tu, haihusiki na umeme. Za mbele nimezifanyia hivyohivyo.

Taa kubwa

Kwenye balbu nilisoma volti 10.5, betri ikiwa na 12.5. Mwanga wa balbu za uzi unaporomoka kwa kasi kuliko volti, na kwa upungufu huo unabaki karibu nusu tu. Moto ulikuwa unazunguka hadi kwenye swichi ya dashibodi, ukarudi kwenye swichi ya usukani, ndipo uende mbele, na kwenye gari langu haupiti kwenye fyuzi hata moja. Jambo hilo lilikuwa linaninyima amani kuliko giza lenyewe, maana shoti moja kwenye waya huo ingechoma kila kitu nyuma ya dashibodi.

Nimefunga rilei mbili, swichi zinazoamshwa na moto mdogo, karibu na betri, moja ya taa za mbali na moja za chini, kila moja na fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Nyaya za zamani za bluu sasa zinaamsha rilei tu, swichi zimepumzika. Injini ikiwa imezimwa balbu zinapata 12.2. Ikiwaka, zinapata 13.7. Nimelipeleka usiku hadi Kisongo, na nimeziona alama za barabarani kabla hazijafika puani.

Zilizobaki ni mota ya waipa, inayokwama katikati ya kioo, na distribyuta, inayogawa moto kwa plagi za injini. Pointi zimechimbika upande mmoja, nitazibadilisha pamoja na kondensa na kuziweka kwenye nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Mzee ameahidi kuja na taa yake ya kupimia taiming.