Mstari uliokatika

Juzi binti yangu aliona picha kwenye habari za Nobeli ya fizikia ya 2025, ile ya Clarke, Devoret na Martinis, akauliza: "Baba, hii taa ya dhahabu inawashwaje?" Nikamwambia hiyo si taa mwanangu, ni matumbo ya friji ya maabara, inayopoza saketi hadi karibu na sifuri halisi, baridi isiyoweza kuzidi. Mawazo yangu yakawa yameshafika Zurich, kwenye maabara nilikojifunzia kazi ya friji hizo.

 Leo nasimulia usiku mmoja tu wa huko.

Chini kabisa ya friji, kwenye milikelvini 20 hivi, yaani sehemu ndogo tu ya digrii moja juu ya sifuri halisi, ilikaa kyubiti yetu: saketi ndogo ya alumini yenye tabia za atomu, ubavuni mwa kaviti inayotunza mawimbi ya maikrowevu. Kaviti ilikuwa ya gigahezi 6. Katika joto la chumba ingejaa fotoni, yaani punje za mawimbi hayo, kama elfu moja, na sisi tulitaka isiwe na hata moja.

Nilikuwa naongeza mkondo wa koili kidogo kidogo. Uga wa sumaku ukihama, masafa ya kyubiti nayo yanahama. Yakikaribiana na masafa ya kaviti, viwili hivyo huanza kupeana fotoni; hesabu yake wanafizikia Jaynes na Cummings waliiandika 1963, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliionyesha kwenye saketi 2004, kwa hiyo nilijua kinachokuja. Hata hivyo nilisimama. Kwenye skrini, mstari unaoonyesha masafa ya kaviti, ulionyooka usiku kucha, ulianza kupinda kana kwamba kuna kitu kinausukuma. Ukafifia. Juu yake ukachomoza mwingine, ukakolea, mpaka ikawa mistari miwili yenye mwanga sawa, na pale ilipokuwa kaviti pana pengo jeusi. Nishati ya fotoni moja, wala si zaidi, ilikuwa imegawanywa kati yao, na hapakuwa na namna ya kusema upi ni kyubiti, upi ni kaviti.

Dada aliyekuwa akinifundisha kazi alitazama, akatabasamu. "Vizuri. Sasa zitenganishe."

Kazi yenyewe ilikuwa hapo. Ziache kyubiti na kaviti zikutane nanosekunde chache kisha uzitenge, fotoni yote imehama kutoka kwenye kyubiti hadi kwenye kaviti. Zitenge nusu ya muda huo, zimefungamana kikwantamu, hali ya moja haielezeki bila ya nyingine. Ukichelewa, fotoni imerudi ilikotoka. Nikageuza mkondo, mstari ukawa mmoja.

Pale katikati fotoni ilikuwa wapi? Hesabu inasema kote kuwili, na hesabu naiamini. Lakini bado natamani ningeomba dakika moja zaidi ya kulitazama lile pengo.