Shauri Yako

Jana usiku umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake, binti yangu yuko mezani na homuwaki ya Kiswahili, tochi kaifunga kichwani kama mvuvi wa mukene, wale dagaa wa huku Uganda, mimi nachambua maharage ya leo. Akaniuliza, "Mama, ushauri nasaha ni nini? Mwalimu kasema tuandike maana. Lakini ushauri si ni ushauri, na nasaha si ni ushauri pia? Sasa ni ushauri ushauri?" Akacheka peke yake, akaongeza, "Au ni ile ya shauri yako."

Nikaangusha harage moja kwenye sufuria tupu. Tik. Nikamwambia ngoja kwanza, nikainamia ungo nikajifanya natafuta jiwe.

Mnajua hii kazi ya sinia wumani, mwalimu wa kike anayepelekewa shida za wasichana shuleni, niliipataje, aliyekuwa nayo alihamishwa na kwenye mkutano wa walimu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na mlango. Hakuna aliyenifundisha chochote. Mshahara ni ule ule wa kufundisha bayolojia, ofisi ni stoo, huku magunia ya posho, unga wa mahindi, huku katoni za pedi, ukutani karatasi ya namba 116 ya kuripoti watoto wanaoonewa, imeliwa na panya kwenye pembe. Nilidhani kazi yenyewe ni mdomo, mtoto analeta shida, unampa maneno ya kikubwa, anafuta machozi anarudi darasani. Na mdomo ndicho kitu Mungu hakuninyima.

Basi shule zikafunguliwa baada ya korona, tarehe 10 Januari 2022, watoto wengine walikuwa nje tangu Machi 2020 wakirudi na kutoka, kurudi na kutoka. Waliorudi hawakuwa wale tulioachana nao. Sauti zimebadilika, mmoja ananiambia yeye sasa ana bodaboda yake, mwingine amekuwa akivusha bidhaa mpakani usiku na anajua bei ya mafuta ya kula pande zote mbili kuliko mwalimu wa komasi. Na kulikuwa na huyu wa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari. Alikuja stoo saa tatu asubuhi akiwa amekumbatia kitabu cha jiografia kifuani, akapiga magoti kwenye vumbi la unga kama wasichana wa kwetu wanavyomsalimia mkubwa, akaomba pedi. Nikampa. Akasema si za huko, madam. Akashusha kitabu. Blauzi ilikuwa imelowa mahali pawili.

Mtoto alikuwa na miezi saba, yuko kwa bibi, shuleni hakuna aliyekuwa anajua. Nilimpa pedi, nikampa sweta langu, nikampa na maneno, mengi. Akaondoka anashukuru.

Chai ya saa nne nikamwambia mwenzangu mmoja. Mmoja tu! Tena kwa huruma, kwamba yule akichelewa baada ya lanchi asimfokee, ananyonyesha. Kufika saa kumi kwenye michezo wavulana wa S.4 wanamwita mama bebi. Alhamisi hakuja, Ijumaa hakuja, na sweta langu sijaliona mpaka leo. Miongozo ya wizara ya 2020 ilikuwa upande wake kabisa, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kusoma, hata hedi, mkuu wetu wa shule, hakuwa na neno. Aliyemtoa shuleni ni mimi na kikombe changu.

Haya, mwezi wa tano likizo tukaitwa Tororo, semina ya siku tatu ya walimu wa ushauri nasaha, masinia wumani na masinia mani, wenzetu wa kiume, kutoka shule za huku kwetu. Sitadanganya, nilienda kwa ajili ya transipoti na chai yenye eskoti, sambusa mbili na yai. Siku ya kwanza ilipita kwa kujitambulisha na kuweka sheria za simu. Siku ya pili wakatuandikia kwenye flipchati herufi tano, S-O-L-E-R, mambo ya mtaalamu mmoja Gerard Egan, kwamba ukae umemwelekea mtu, usikunje mikono, uiname mbele kidogo, umwangalie machoni, utulie. Hapo pa machoni ukumbi mzima ukaguna. Mtoto gani wa huku anamkodolea mwalimu macho? Fasiliteta, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini mpaka unajikuta umenyamaza ili umsikie, akasema vizuri, basi tuigize tuone.

Nikaitwa mbele mimi. Mwanafunzi wangu akawa sinia mani wa shule ya upande wa Malaba, baba wa watu, tumbo lake, masharubu yake, kapewa kadi imeandikwa wewe ni msichana wa S.2 una jambo linakusumbua. Mimi kwenye kiti, cha pili kimewekwa mbele yangu. Yule baba akakipita kiti, akashika goti kwanza maana uzito nao una mambo yake, akashuka chini akapiga magoti kwenye sakafu, akainamisha kichwa. Banange, ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Fasiliteta hakucheka, alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha bati na mfuko wa maharage, hakutuambia ni vya nini.

Nikaanza. "Usiogope, mwanangu, haya mambo yanapita." Tik. "Mtegemee Mungu." Tik. "Wewe soma kwa bidii, achana na vikundi." Tik. Nikageuka kuangalia nini kinalia, sikuelewa, nikaendelea, "Mwambie mama yako ukweli." Tik. Kila ushauri harage moja, na mtu mwenyewe hajafungua mdomo, sijui hata kama shida yake ni karo au ni jino. Yalipofika saba watu walikuwa wameacha kucheka. Fasiliteta akasema kwa ile sauti yake, "Madam, sasa nyamaza. Nitakuambia muda ukiisha."

Sijui kama mmewahi kunyamaza mbele ya mtu aliyepiga magoti. Nilimwona upara wake, jasho limejipanga kwenye upara. Nilisikia bodaboda nje inakataa kuwaka, inajaribiwa, inakataa. Mikono yangu nikaikumbuka ghafla kwamba ninayo, sikujua niiweke wapi, herufi tano zote zimepotea. Nikafikiria nishuke nami nikae chini, nikaona aibu. Mdomo ulikuwa unawasha, kweli, kama umekula pilipili.

Halafu yule baba, bila kuinua kichwa, akasema polepole, "Madam, nikikuambia, utamwambia nani?"

Kikombe hakikulia. Sikuwa na jibu.

Yaliyobaki ya semina nayakumbuka vipande vipande. Kwamba siri ina mipaka, mtoto akiwa anataka kujidhuru au kuna mtu anamdhuru huwezi kukaa nayo, lazima ifike panapostahili, lakini hiyo mipaka umwambie kabla hajaanza kusema, si baada. Na stafurumu si panapostahili. Kwenye chai nikamfuata yule baba nikamuuliza lile swali lilikuwa kwenye kadi? Akanionyesha kadi, halikuwemo. Akasema, "Wangu ndicho wananiulizaga cha kwanza, kila mtu. Wako hawakuulizi?" Akang'ata sambusa.

Wangu hakuuliza. Alishusha kitabu tu.

Nyumbani kwao nilienda mara mbili baada ya semina, ya kwanza nikaambiwa kavuka upande wa Kenya kutafuta kazi, ya pili bibi alinisalimia vizuri sana na hakunikaribisha ndani.

Siku hizi mtoto akiingia stoo nalaza gunia la posho, tunakaa wote juu yake bega kwa bega, tunaangalia mlango, hakuna cha macho wala magoti. Na kabla hajasema namwambia yale ambayo sitaweza kuyafunika. Wengine wakisikia hivyo wanaomba pedi, wanaondoka. Zamani nilipokuwa na mdomo walikuwa wanapanga foleni, muhula uliopita walikuja wanne.

"Mama," binti akaniita, "sasa niandike nini?"

Nikamwambia aangalie nyuma ya kitabu, pengine maana ipo.